Mtamba Aliyeganda kwenye Simu ya Mama

Kabla sijawa mwenye mtandao nilikuwa binti muuza vocha pale Kagongwa, kwenye meza ndogo chini ya mwavuli ambao rangi yake jua lilikuwa limeshaila. Matokeo yangu ya kidato cha nne mama yangu mzazi aliyakunja mara nne akayatia kwenye Biblia, katika kitabu ambacho najua hakifungui. Lakini kichwa changu hakikupewa taarifa kwamba kimefeli. Kiliendelea kuota vilevile. Nilikaa pale mezani nikiwakwangulia vocha watu wenye kucha fupi, huku naota kwamba siku moja mtandao wote kutoka Tinde hadi Geita utapita kwanza kwangu, unisalimie, ndipo uende kwa wengine.

Pale mezani ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza swali ambalo lingekuja kunitesa. Mzee mmoja mkulima wa pamba alikuja na simu mpya, nikamuunga kile kifurushi cha bei nafuu cha mitandao ya kijamii. Kesho yake akarudi amenuna. Alitaka kuona matokeo ya mjukuu wake, ukurasa ukagoma. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kifurushi kile kinafungua ujumbe, picha, na video za watu wanaoteleza kwenye matope, ila kwingine hakifiki. Akauliza ni nani aliyeamua kwamba yeye aone watu wanaoteleza badala ya mjukuu wake. Nikasema ni kampuni. Akauliza kama kampuni inamfahamu mjukuu wake. Nikacheka, nikamuunga kifurushi kingine, nikalisahau swali lake kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi.

Baadaye nikasikia kuna machimbo mapya upande wa Geita, kwamba maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yametema dhahabu na watu wanamiminika kutoka kila kona ya nchi. Wenzangu walipakia makoleo. Mimi nilipakia ruta, antena, paneli ya sola na betri, nikapanda gari nikiwa nimeipakata ruta mapajani kama mtoto mchanga.

Machimbo yenyewe yalikuwa bondeni. Mnara wa simu ulikuwa ng'ambo ya kilima, na mawimbi yake yalipita juu ya vichwa vya watu bila kushuka. Mchimbaji akitaka kuongea na mkewe ilibidi apande kichuguu kimoja kilichokuwa karibu na kinu cha kusaga mawe, ambacho wenyewe wanakiita karasha, na akiwa juu pale kila mtu alisikia ndoa yake inavyoendelea. Nilipoona kile kichuguu nikajua nimefika kwetu.

Nguzo ndefu kuliko zote ilikuwa kwenye mgahawa wa mama lishe mmoja, mjane, mwenyeji wa Tinde. Machimbo mazima walimwita Mama, hata wazee waliomzidi mvi. Nilimwamkia, nikamweleza ndoto yangu kuanzia Kagongwa mpaka mwisho wake. Alinisikiliza huku anakanda unga. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu: kile kidude changu kitakula umeme wake? Nikasema kina sola yake. Akasema basi nipande. Tukakubaliana kwamba antena ikae juu ya nguzo yake, mimi nile mchana kwake, na yeye atumie mtandao bure.

Ndivyo nilivyokuwa kampuni. Niliuza vocha za waifai za saa moja, za siku, za wiki. Wachimbaji waliokuwa wakipanda kichuguu sasa walikaa kwenye mabenchi ya Mama, na Mama akauza chai mara mbili ya zamani. Waliniita Mkurugenzi. Walikuwa wananitania, lakini mimi nililipokea jina hilo kwa moyo wote, hata nikaanza kutembea polepole.

Shida ilianza siku nilipojifunza kuingia ndani ya ruta. Mle ndani kuna ukurasa wa mipangilio ambao mteja haoni. Nikakuta kumbe ninaweza kumwona kila aliyeunganishwa, na ninaweza kumwambia huyu apite mbele na yule angoje. Jamani, nilikaa nikautazama ukurasa ule kama mtu aliyekabidhiwa funguo za wilaya. Mtandao wangu ulikuwa mwembamba na watu walikuwa wengi. Jumamosi mpira ukianza kila kitu kilizunguka tu, hakifunguki. Basi nikabuni vocha mbili. Ya bei ya juu nikaiita Dhahabu, anayeinunua anapita kwanza. Ya kawaida nikaiita Kifusi, yeye anapita panapobaki nafasi. Wanaotumia bure nikawaweka chini kabisa, hata bila kuwapa jina. Na waliokuwa wakitumia bure walikuwa wawili: mimi na Mama. Mimi nikajihamisha.

Aliyenipinga wa kwanza alikuwa fundi wa karasha, kijana wa Kigoma mwenye vumbi la mawe kwenye kope kana kwamba amepakwa unga. Alikuwa mtu wa kusoma kila kitu, hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Wakati wa chakula alisema mbele za watu kwamba huko nje wenzetu wamelumbana miaka na miaka juu ya jambo hilihili: je, mwenye njia ya mtandao anaruhusiwa kuharakisha cha huyu na kukawiza cha yule, au kazi yake ni kupitisha tu? Alisema serikali za huko zinaweka sheria ya kukataza, zinakuja nyingine zinaiondoa, wanapelekana mahakamani. Mimi nikamwambia huko nje wana muda. Hapa kuna mpira Jumamosi.

"Mkurugenzi," akasema, "mimi nikisaga mawe, sisagi ya tajiri laini na ya maskini nikayaacha mabonge. Foleni ni foleni."

Nikamjibu kwamba ndiyo maana bado ana vumbi kwenye kope. Watu wakacheka, na mimi nikajiona nimeshinda mjadala. Tena alikuwa kijana mzuri wa sura, kwa hiyo kumshinda kulininogea zaidi.

Wa pili kuja alikuwa Mwenyekiti wa machimbo. Yeye hakuja kupinga, alikuja kuongeza. Alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kuwa mgambo, na mpaka leo akikaa kwenye benchi hukaa kama anayesubiri amri. Aliniambia mtandao wangu ni mzuri sana ila hauna nidhamu. Vijana wanapanda kutoka shimoni saa nne asubuhi kwenda kuongea na wachumba kwa simu za picha, na mawe yanalala. Serikali, alisema, ina kanuni zake za mambo ya mtandaoni, na serikali iko mbali, kwa hiyo hapa serikali ni yeye. Akataka simu za picha zibanwe kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Sauti ipite, picha ingoje. Halafu, kwa upole mwingi, akaniuliza kama nina kibali cha biashara ile. Sikuwa nacho. Yeye alijua kwamba sina, na mimi nilijua kwamba anajua.

Nikabana. Si kwa kulazimishwa tu, nisidanganye. Nilifurahia. Niliweka saa kwenye ruta ikawa inabana na kufungua yenyewe, na siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikawatazama vijana wakizitikisa simu zao kama chupa za dawa ya kikohozi. Kesho yake Mwenyekiti akaja tena, akakohoa, akaniambia kwamba binti yake amejifungua huko Shinyanga mjini na yeye anapenda kumwona mjukuu kila saa nne. Nikamwambia saa nne imebanwa. Akasema sheria ile ni ya wachimbaji. Nikamweka kwenye Dhahabu, pembeni kabisa, ambako sheria haifiki.

Wakati huohuo Mama alikuwa na jambo lake kubwa. Binti yake wa pekee, aliyebaki Tinde, alikuwa anaolewa, na upande wa mwanamume walikuwa tayari kutoa ng'ombe kumi. Kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwa kuambiwa. Wanaume wa ukoo wa binti huenda mpaka zizini, wakamtazama mmoja mmoja, meno, miguu, kiwele, wakakataa huyu na kumkubali yule, na akishapokelewa mbele ya wazee ndiyo imetoka, harudishwi. Mume wa Mama alikuwa amefariki, kwa hiyo kazi ile ilikuwa ya shemeji yake. Mama akagoma. Alisema amemlea binti yule kwa miaka kumi na mmoja ya kukaanga maandazi, na wanaume wa ukoo miaka yote hiyo hakuwaona wakimshikia hata mwiko. Ng'ombe atawaona yeye. Mvua zilikuwa zimekata barabara na mgahawa haukuwa na wa kumwachia, basi akataka ng'ombe waoneshwe kwa simu ya picha.

Tinde kulichafuka. Wazee walisema hawajawahi kusikia mwanamke akikagua ng'ombe, tena kupitia kioo kidogo kama kiganja. Walivutana wiki tatu. Mwishowe shemeji akakubali, akasema lakini itakuwa mara moja, na neno la Mama litakuwa neno. Mama alinishika mkono siku ile, mkono wenye unga. Akaniambia katika wale kumi anataka apate mtamba mmoja mzuri wa maziwa awe wake mwenyewe, arudi naye nyumbani, aachane na moshi. "Umeniletea macho, mwanangu," akasema. "Wabeja." Maana yake kwa Kisukuma ni asante. Nikajisikia nimekua urefu wa nguzo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Mama alivaa kitenge kipya juu ya nguo za jikoni, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mimi nilikuwa nje nauza vocha, mgongo ukiwa dirishani, nasikia sauti tu. Shemeji alikuwa anasema huyu wa kwanza, Mama anasema mzuri, nimempokea. Huyu wa pili. Mzuri huyo, nimempokea. Kadiri walivyoendelea sauti ya Mama ilizidi kuwa tamu. Wa sita akamsifu mgongo. Wa nane akasema hajawahi kuona ng'ombe aliyetulia hivyo. Wote kumi akawapokea, hakukataa hata mmoja, na kule Tinde nikasikia vigelegele. Mimi pale nje nilitabasamu peke yangu. Saa tano asubuhi, simu ya picha, mtu wa bure, na mimi nimesimama natabasamu. Kichwa changu kilekile cha matokeo yaliyofichwa kwenye Biblia.

Jioni binti akamtumia Mama picha ya ng'ombe wakiwa zizini kwa shemeji. Mama aliitazama sana. Akaniita, akaniuliza kwa sauti ndogo kama naona mtamba mwenye mabaka meupe na mekundu. Sikumwona. Nilimwona maksai mzee mwenye pembe moja iliyovunjika, nikaona ng'ombe mmoja ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba moja kwa moja, na wengine wa kawaida, weusi, weupe, wa kijivu.

"Na dada zake hawapo?" akauliza Mama.

"Dada zake nani?"

"Wa mabaka. Niliona kumi wanafanana. Nilijua wametoka tumbo moja, kwamba mkwe amenitafutia wa rangi moja kwa heshima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Picha ilikuwa imeganda kwenye ng'ombe wa kwanza kuonekana. Sauti ikapita, picha ikangoja, vilevile nilivyoiagiza. Mama alikuwa amempokea mtamba mmoja mara kumi.

Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Nilihesabu upesi upesi: nikisema nimembana, Mama ataniambia nishushe antena yangu, Mwenyekiti atanikana na kukumbuka kibali, nitarudi Kagongwa chini ya ule mwavuli. Nikamwambia labda ni mtandao tu, kuna siku huwa unasumbua. Huo ndio ukweli nilioutoa, mwembamba kama mtandao wenyewe.

Kesho yake shemeji akapiga. Hakugomba. Alikuwa anafurahi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema aliona jinsi Mama alivyomsifu mgongo yule maksai mwenye pembe moja, akajua mwanamke na ng'ombe ni vitu viwili, na kuanzia sasa mambo ya harusi yaliyobaki wazee watayamaliza wenyewe, yeye asijisumbue. Mama alisema sawa. Akakata simu, akarudi kwenye karai lake la mafuta. Siku mbili hakutania mtu. Wachimbaji walikuwa wanakula kama wako msibani.

Siku ya tatu nikafika mgahawani asubuhi nikamkuta Mama amevaa miwani. Alikuwa ameinunua kwa mmachinga aliyepita na sanduku. Ilikuwa mikubwa, fremu ya kahawia, mguu mmoja umefungwa uzi, na vioo vyake viliyafanya macho yake kuwa kama ya kondoo. Alikuwa anaukaribia unga, anausogelea mpaka pua inagusa, halafu anarudi nyuma. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema macho yamezeeka, mwanangu. Mtu asiyeona ng'ombe kumi ataonaje wadudu kwenye maharage. Asije akaua watoto wa watu.

Nilikaa kwenye benchi. Nililia kwa namna mbaya, ile ya kukoroma. Nikamwambia yote: ukurasa wa ndani ya ruta, Dhahabu, Kifusi, wa bure walioko chini, saa mbili mpaka saa kumi. Nikamwambia nilijua tangu jioni ile ya picha.

Mama akavua miwani. Akaifuta kwa kanga, akaikunja, akaiweka juu ya meza taratibu sana.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

"Mazima, Mama."

"Na haya mauzauza ninayoyaona tangu asubuhi ni ya miwani?"

"Ni ya miwani."

Akasema mimi sitamwambia yeye tu. Nitamwambia shemeji, kwa mdomo wangu, kwa spika, wakati wa chakula cha mchana. Si kwamba alitaka kunifedhehesha, alisema. Yeye alidharauliwa mbele za watu, basi na kurudishiwa kuwe mbele za watu.

Mchana ule mabenchi yalijaa. Fundi wa karasha alikuwepo, Mwenyekiti alikuwepo na sahani yake ya ubwabwa. Simu ikawekwa kwenye kopo lilelile la sukari. Nilimwamkia shemeji, akaitikia marahaba, nikajieleza kwamba mimi ndiye mwenye mtandao, na kwamba Mama hakuona ng'ombe wengine kwa sababu niliibana simu yake. Nikasikia ng'ombe akilia kule Tinde.

"Binti," akasema shemeji, "nani alikupa ruhusa ya kuchagua simu ya nani ipite na ya nani isipite?"

Nilitaka kumtaja Mwenyekiti. Nilimwona ameacha kutafuna. Nilitaka kutaja mpira, na mtandao kuwa mwembamba. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama pale na alama ya miwani bado iko puani.

"Hakuna, Baba," nikasema. "Niliona naweza, nikafanya."

Hapo watu wote wakaanza kusema kwa pamoja. Wengine waligundua ndiyo kwanza siku ile kwamba simu za wachumba wao zilikuwa zinabanwa, walidhani ni wachumba wenyewe. Mwenyekiti akasimama, akaikubali amri ile kuwa ni yake, na akaitetea. Alisema bila mtu wa kuweka utaratibu mtandao ni zizi lisilo na mlango, na kwamba wiki zile mawe yalitoka mengi kuliko kawaida, jambo ambalo lilikuwa kweli. Fundi wa karasha akasema utaratibu si mbaya, ila uandikwe ukutani kila mtu ausome, na umshike kila mtu. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, kile kitoto kinacholia kila saa nne kwenye ofisi ya Mwenyekiti ni cha nani. Mwenyekiti akakaa. Akarudi kwenye ubwabwa wake, akasema kitoto kile hakijambo, kinawasalimu.

Shemeji alikuwa bado hewani, anasikia yote. Alipopata nafasi akasema atawaeleza wazee. Kama Mama, shemeji yake, hakuona, basi hakupokea. Jumapili wataoneshwa upya. Akaongeza kwamba yule mtamba wa mabaka si wa mkwe hata kidogo. Ni wa jirani, alikuja kulamba chumvi langoni akapita zake.

Nikaondoa kila kitu kwenye ruta siku ileile. Dhahabu, Kifusi, saa, vyote. Nikaandika kwenye ubao kwamba kuanzia sasa vocha ni moja na wote wanapita sawa. Matokeo yake niyaseme wazi: mtandao ukawa wa kobe kwa wote. Jumamosi mpira uliganda kwa kila mtu kwa usawa mkubwa, na waliozoea Dhahabu waliniita majina ambayo siyaandiki. Fundi wa karasha akaniambia haki ndivyo ilivyo, inazunguka kwanza. Nikamwambia aende akanawe kope.

Jumapili ikaleta fumbo jipya. Mama alihitaji picha inayotembea, na kwa mtandao ule wa wote sawa ng'ombe wangeganda tena. Ningeweza kuingia ndani ya ruta nikampa Mama njia peke yake kwa nusu saa. Nani angenilaumu? Vidole viliniwasha. Lakini nikajiona nikirudi palepale, safari hii kwa sababu nzuri, na ile ya kwanza pia niliianza kwa sababu nzuri. Nikamwambia Mama siwezi. Akanitazama kwa muda, akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akatoka nje.

Alizunguka machimbo mazima akigonga, anawaambia kwamba ana ng'ombe wa kuangalia, mwenye moyo azime simu yake mpaka amalize, asiye na moyo aendelee, maandazi kesho atayapata vilevile. Walikuja mmoja mmoja. Walizima, wakaziweka kwenye beseni la maandazi, beseni likajaa simu mpaka juu kama samaki wa mnadani. Mwenyekiti alikuja wa mwisho. Aliiweka yake, akaichukua tena akaitazama kidogo, akaiweka.

Mama aliwaona ng'ombe wote kumi, wakitembea, wakigeuka, wakipiga mikia. Wachimbaji walijazana nyuma yake, na kila mmoja akawa mtaalamu wa mifugo. Maksai wa pembe moja akamkataa, na upande wa mwanamume wakakubali kumleta mwingine. Alipofika yule wa jicho moja shemeji akasema kwa haraka kwamba na huyu bila shaka anamkataa. Mama akaomba ageuzwe. Akakitazama kiwele, akaomba asogezwe, akakitazama tena.

"Huyo ni wangu," akasema. "Mimi simkamui jicho."

Kule Tinde wazee walicheka, shemeji naye akacheka, na tangu siku ile hakuna aliyemwambia asijisumbue.

Mama alirudi nyumbani baada ya mavuno, mgahawa akamwachia mpishi mwingine, nguzo akaniachia mimi. Yule ng'ombe wa jicho moja amempa jina langu. Anasema anatoa maziwa mengi, ila lazima umsubiri kwanza afikirie.

Nami niliamua kutafuta kibali, maana nilichoka kukoholewa na Mwenyekiti. Mwezi uliopita nilikwenda Shinyanga mjini nikiwa na fomu zangu kwenye bahasha. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imekata kona, inakaribia zilipo bajaji. Nikasimama nyuma ya mwanamke aliyebeba mtoto. Baada ya saa nzima alinijia kijana mmoja mwenye shati safi, mmoja wa wale wanaoitwa vishoka, wanaozunguka nje ya ofisi wakitafuta watu waliochoka. Akaniinamia sikioni. Akasema naona unaungua na jua, dada, na kuna njia ya haraka, ni wewe tu.

Nilicheka mpaka yule mtoto akageuka kunitazama. Nikamwambia kishoka kwamba naijua hiyo njia, niliwahi kuiuza mwenyewe. Hakuelewa, akaenda kwa mwingine. Mimi nikasogea hatua moja mbele, na jua likasogea nami.